Mbegu ya Baba, Damu ya Mama: Uzazi na Jinsia ya Mtoto katika Historia ya Makambi ya Likasi

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuzaa, kwa tendo la baba na kwa tendo la mama. Husemwa kwamba fulani amezaa watoto watano, na msikilizaji hawezi kujua kutokana na kitenzi hicho peke yake kama fulani huyo ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa, lugha ya utawala nchini Kongo, kina neno lake kwa tendo la mume na neno jingine kwa tendo la mke. Kiswahili kina kujifungua, linalomhusu mama peke yake, lakini hakina kitenzi cha kawaida kinachomhusu baba peke yake. Katika Kiswahili cha Katanga, ambamo sauti ya l imehifadhiwa na watu husema kuzala, hali ni hiyo hiyo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwafaa wanaisimu tu. Hata hivyo, katika mji wa Likasi, ulio kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, kitenzi hicho kimoja kiliwakusanya pamoja watu ambao hawakukubaliana hata kidogo juu ya maana yake. Mtoto ni wa nani? Ameumbwa kwa kitu gani? Ni nani wa kusifiwa anapozaliwa wa kiume, na nani wa kulaumiwa anapozaliwa wa kike, au asipozaliwa kabisa? Makala haya yanafuatilia maswali hayo tangu kuanzishwa kwa makambi ya wachimba madini hadi siku za karibuni, kwa kuzingatia lugha iliyotumika, masilahi ya kampuni iliyoyajenga makambi hayo, na elimu ya kisayansi iliyokuja kidogo kidogo na kuyakuta maswali yamekwisha kujibiwa kwa njia nyingine.

Msamiati wa mbegu

Kiswahili cha pwani kina maneno matatu makuu kwa kile kitokacho kwa mwanamume. Manii ni neno la Kiarabu, la vitabu vya fikihi, ambamo hutajwa hasa kuhusiana na tohara na josho. Shahawa nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni neno lenye maana ya matamanio. Yaani kitu kimepewa jina la hamu inayokitangulia. Mbegu ni neno la Kibantu, nalo ni la shambani. Katika bara, na hasa katika Kongo, neno la shambani ndilo lililoshika nafasi.

Kwa upande wa mwanamke, kizazi ni kiungo cha mwili na pia ni watu wa rika moja katika mfuatano wa nasaba. Tumbo ni kiungo na pia ni ukoo. Watu wawili wakisemwa kuwa ndugu wa tumbo moja, undugu wao umethibitishwa kwa namna ambayo undugu wa baba mmoja haufikii. Kwa hiyo msamiati wenyewe umebeba nadharia mbili zisizopatana. Katika nadharia ya mbegu, mwanamke ni ardhi, naye hupokea na kulea alichopandiwa. Katika nadharia ya tumbo, mwanamke ndiye chanzo, na mwanamume ni mpita njia mwenye manufaa.

Sitiari ya mbegu ina tokeo moja ambalo wanaoitumia hawakulifuata hadi mwisho. Ardhi haichagui zao. Aliyepanda mahindi hawezi kuilaumu ardhi kwa kutompa mtama. Kwa mantiki hiyo, mume aliyetaka mtoto wa kiume akapata wa kike alipaswa kuichunguza mbegu yake. Lakini katika jamii nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki, kama ilivyokuwa pia katika Ulaya na Asia, lawama ilimwangukia mke. Sitiari ilikuwa na busara kuliko watumiaji wake, kama itakavyoonekana hapa chini.

Mji wa watu wa baba na watu wa mama

Eneo la Likasi lilijulikana kwa shaba muda mrefu kabla ya wazungu. Wasanga waliyeyusha shaba na kuiuza mbali katika umbo la misalaba. Katikati ya karne ya 19 walifika Wayeke chini ya Msiri, waliotoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, wakaweka makao yao Bunkeya. Msiri aliuawa mwaka 1891. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na baada ya vita kuu ya kwanza Likasi, pamoja na viwanda vya Panda na Shituru, ukawa moja ya vitovu vyake vikuu. Wabelgiji waliuita mji Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mkurugenzi wa kampuni. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966.

Wafanyakazi wa kwanza hawakutoka mahali pamoja. Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1910, kilikusanya watu kutoka Katanga yenyewe, Kasai na nchi ambayo leo ni Zambia. Baada ya mwaka 1925 waliletwa pia watu wa Rwanda na Burundi, ingawa uandikishaji huo haukudumu kwa sababu wengi wao walifariki. Hivyo ndani ya kambi moja waliishi Waluba na Wanyarwanda, ambao huhesabu ukoo kwa baba, pamoja na Wabemba, Walamba na wengine wa ukanda wa kusini, ambao huhesabu ukoo kwa mama.

Tofauti hiyo haikuwa ya urithi wa mali tu. Ilikuwa ya fiziolojia. Audrey Richards, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabemba katika miaka ya 1930, alieleza kwamba kwao mwili wa mtoto hutokana na damu ya mama. Mwanamume anayo damu ya mama yake mishipani, lakini hawezi kuwapa watoto wake, kwake inakoma. Kwa watu wenye fikra hiyo, kuzaliwa kwa binti ni jambo la kushukuriwa kwa dhati, kwani ukoo usio na mabinti umekwisha. Kwa jirani yake Mluba, ukoo usio na wana ndio uliokwisha. Nyumba mbili za matofali zilizopakana kambini ziliweza kupokea habari ile ile ya mkunga kwa nyuso tofauti kabisa. Na Mluba alipomwoa mwanamke wa Kilamba, nyuso hizo mbili zilikutana ndani ya nyumba moja, zikazungumza kwa Kiswahili, na kila upande ukasema umezaa.

Kampuni na tumbo

Katika miaka ya mwanzo kampuni haikutaka wanawake. Mfanyakazi alichukuliwa kwa mkataba wa miezi michache, akafanya kazi, akarudishwa kwao akiwa hai, au hakurudi. Vifo vilikuwa vingi, gharama za kuandikisha zilipanda, na katika miaka ya 1920 reli na migodi mingine iligombania watu wale wale. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadili mwelekeo. Mkataba uliongezwa hadi miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake au kuoa. Kampuni hata ilikuwa tayari kumkopesha mahari.

Msanifu mkuu wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, aliyekuja kuongoza idara ya wafanyakazi wa Kiafrika. Haikuwa ajabu kwamba kazi hiyo ilikabidhiwa daktari, kwani jambo lenyewe lilikuwa la uzazi. Fikra yake, aliyoieleza kwa kirefu katika taarifa ya mwaka 1946 kuhusu miaka ishirini ya utekelezaji, ilikuwa kwamba mfanyakazi aliyezaliwa kambini, akanyonyeshwa, akapimwa, akasomeshwa na kulishwa na kampuni, atakuwa na afya na utii kuliko yule aliyetolewa kijijini. Kwa maneno mengine, kampuni ilichoka kuvuna kwenye mashamba ya wengine ikaamua kupanda yenyewe.

Ikajengwa wodi ya wazazi. Wajawazito walifuatiliwa, na watoto walipimwa uzani kwa siku maalumu. Posho, ambayo kwa Kiswahili cha Katanga huitwa mposho, ilitolewa kwa mume, kwa mke, na kwa kila mtoto aliyeandikishwa. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee. Kijijini mtoto alikuwa utajiri wa siku zijazo. Kambini alikuwa utajiri wa juma lile lile, kwani kila jina jipya kwenye kadi liliongeza unga mezani. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye ameichunguza familia ya mfanyakazi wa Katanga kwa undani kuliko wengi, ameonyesha jinsi utaratibu huo ulivyompa baba heshima mpya na utegemezi mpya kwa wakati mmoja. Alikuwa kichwa cha nyumba kwa sababu kampuni ilimtambua hivyo.

Upinzani mkubwa ulihusu kunyonyesha. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati mama alinyonyesha kwa miaka miwili au zaidi, na katika muda huo mume na mke walitakiwa kujizuia. Sababu iliyotolewa ilihusu mbegu moja kwa moja: iliaminika kwamba mbegu ya mume huharibu maziwa na kumdhoofisha mtoto. Waswahili wa Tanzania wana neno lake, kubemenda, na mtoto aliyekonda mapema huwafedhehesha wazazi wake mbele ya mtaa mzima. Imani hiyo, hata kama maelezo yake ya kifiziolojia si sahihi, ilikuwa na matokeo mema: watoto walipishana kwa miaka miwili mitatu, na mama alipata nafuu. Watawala, wamisionari na madaktari wa kampuni waliiona kama kikwazo. Nancy Rose Hunt, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1988, alionyesha jinsi Wabelgiji katika Kongo walivyopigana na kipindi hicho cha kujizuia, kwa hofu ya kupungua kwa watu na kwa kuamini kwamba kilichochea ndoa za wake wengi. Katika makambi ya madini chakula cha watoto kiligawanywa, na uachishaji wa mapema ukahimizwa. Kipindi kati ya mtoto na mtoto kikafupika. Kampuni ilihesabu vizazi. Haikuwahesabu akina mama waliochoka.

Je, kampuni ilipendelea jinsia gani? Jibu la haraka lingekuwa wavulana, kwa kuwa migodini waliingia wanaume. Lakini siasa ya uimarishaji ilihitaji pia wake wa kuwatuliza wafanyakazi, na ndiyo maana wasichana wa kambi walifundishwa ushonaji, upishi na usafi wa nyumba, huku kaka zao wakielekezwa kwenye karakana. Mpango huo ulimhitaji mvulana kwa ajili ya mgodi na msichana kwa ajili ya mvulana. Mezani kwa daktari jinsia zilitimiza hesabu moja. Ndani ya nyumba hazikuwa hivyo.

Uzazi usio na mbegu

Watu wa makambi hawakubaki wapokeaji wa fikra za wengine. Mwaka 1945 padri Mfransisko Placide Tempels, aliyekuwa Kongo tangu mwaka 1933, alichapisha mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu. Katika miaka ya 1950, katika makambi ya Kolwezi, mazungumzo yake na wafanyakazi na wake zao yalizaa vuguvugu la kidini lililoitwa Jamaa, ambalo lilienea katika makambi ya Union Minière kote Katanga. Lugha yake ilikuwa Kiswahili. Nguzo zake, kama Johannes Fabian alivyozirekodi katika utafiti wake wa miaka ya 1960, zilikuwa uzima, uzazi na mapendo.

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno la pili. Katika kambi ambamo uzazi ulikuwa umegeuzwa kuwa tarakimu kwenye kadi ya posho, wafanyakazi wale wale walilichukua neno hilo wakalipa maana ambayo kampuni haikuweza kuipima. Mume na mke, wakiitwa baba na mama, waliwazaa wengine katika mawazo na katika mafundisho. Waliozaliwa aghalabu walikuwa mume na mke pamoja, nao wakaja kuwazaa wengine. Hapo ule utata wa kitenzi kuzala ukawa nguvu: baba na mama walizaa kwa tendo moja, na hapakuwa na haja ya kuuliza kama aliyezaliwa ametokana na mbegu au na damu. Hapakuwa pia na swali la kama amezaliwa wa kiume au wa kike, kwa kuwa walizaliwa wawili. Kwa mke ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye katika jamii iliyohesabu kila kitu kwa watoto alikuwa nusu ya mtu, mafundisho hayo yalifungua mlango ambao wodi ya wazazi haikuwa nao. Maaskofu wa Katanga, walioona mamlaka ya padri yakiingizwa katika undugu huo, walianza kulibana vuguvugu hilo baadaye, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tempels mwenyewe alikuwa amerudi Ubelgiji tangu mwaka 1962, na alifariki mwaka 1977.

Nani anaamua jinsia

Wakati Jamaa ikifundisha hayo, swali la jinsia lilikuwa limekwisha kupata jibu la kisayansi, ingawa habari ilisafiri polepole. Njia iliyofikisha jibu hilo ilikuwa ndefu. Aristotle alifundisha kwamba mbegu ya mume huleta umbo na mwanamke hutoa malighafi, na kwamba mtoto wa kike hutokea pale joto la mume liliposhindwa. Wayunani wengine waliamini kwamba upande wa kulia huleta wavulana na wa kushoto wasichana. Katika mapokeo ya Kiislamu, yaliyofika pwani ya Waswahili, husimuliwa habari ya maji mawili, la mwanamume na la mwanamke, na lile linaloshinda ndilo linaloamua, kwa idhini ya Mungu. Nadharia hii ya mwisho ilimpa mwanamke mchango wake, jambo ambalo Aristotle alisitasita kulifanya.

Mwaka 1677 Antoni van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, aliona katika manii vijidudu vingi vinavyoogelea. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakimbilia kusema kwamba ndani ya kila kimojawapo yumo mtu mdogo aliyekamilika, na mwanamke ni kiota tu. Sitiari ya shamba ikapewa vazi la kitaaluma. Yai la mamalia lilikuja kuonekana na Karl Ernst von Baer mwaka 1827, na mwaka 1876 Oscar Hertwig akaeleza, kwa kuchunguza wanyama wa baharini, muungano wa viini vya mbegu na yai. Hapo ilidhihirika kwamba watu wa mbegu na watu wa damu walikuwa, kila upande, na nusu ya ukweli.

Kuhusu jinsia, nusu hizo hazikuwa sawa. Mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya kuundwa kwa Union Minière, Nettie Stevens, mwanamke mwanasayansi wa Marekani aliyechunguza wadudu, alieleza kwamba mbegu za dume ni za aina mbili kwa kromosomu zao, na kwamba aina ya mbegu ndiyo inayoamua jinsia. Edmund Wilson alifikia matokeo ya namna hiyo wakati ule ule. Kwa binadamu, yai la mama daima hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Ikifika ya X mtoto ni wa kike, ikifika ya Y ni wa kiume. Mwaka 1959 ilithibitishwa kwamba kuwapo kwa Y ndiko kunakomfanya binadamu awe wa kiume, na mwaka 1990 ilitambuliwa jeni iliyomo katika Y inayoanzisha kazi hiyo. Ardhi, basi, haikuchagua zao. Mke aliyefukuzwa kwa kuzaa mabinti watupu aliadhibiwa kwa jambo ambalo mwili wake haukuwa na neno ndani yake. Na haimaanishi kwamba mume alistahili lawama, kwani naye hakuchagua ni ipi kati ya mamilioni ya mbegu ingefika kwanza.

Elimu hiyo haikuzima hamu ya kuchagua. Katika miaka ya 1960 na 1970 daktari wa Marekani, Landrum Shettles, alieneza mafundisho kwamba kukutana karibu na siku ya yai kupevuka huleta wavulana, na kukutana siku kadhaa kabla yake huleta wasichana, kwa madai kwamba mbegu zenye Y ni nyepesi na huenda mbio lakini hufa upesi. Mafundisho hayo yamezunguka dunia nzima na bado hupokewa na wengi. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 221 uliofuatilia siku za mimba kwa vipimo vya homoni. Waligundua kwamba mimba hushika katika siku sita zinazoishia na siku ya kupevuka kwa yai, na kwamba siku ya kukutana haina uhusiano na jinsia ya mtoto. Kalenda, vyakula na mikao havibadili chochote. Yeyote atoaye dawa ya kupata mtoto wa kiume ataonekana mkweli nusu ya wakati, na biashara nyingi zimeishi kwa mtaji mdogo kuliko huo.

Njia za kweli zilikuja mwishoni mwa karne ya 20, nazo ni ghali. Mbegu yenye X ina takriban asilimia 2.8 zaidi ya DNA kuliko yenye Y, na kwa tofauti hiyo ndogo mashine inaweza kuzitenganisha. Kazi hiyo ilianza kwa wanyama wa kufugwa, kisha katika miaka ya 1990 ikajaribiwa kwa binadamu nchini Marekani. Mwaka 1990, mjini London, Alan Handyside na wenzake walitangaza mimba zilizotokana na mayai yaliyorutubishwa nje ya mwili na kuchunguzwa jinsia kabla ya kurudishwa tumboni, kwa lengo la kuepuka magonjwa ya kurithi yanayowashika watoto wa kiume. Mwaka huo huo Amartya Sen aliandika kwamba zaidi ya wanawake milioni 100 walikuwa wamekosekana duniani, hasa Asia. Kutunzwa vibaya kwa wasichana ndiko kulikochangia zaidi wakati ule. Baadaye mashine ya picha za mimba na utoaji mimba viliongeza pengo, na India ilipitisha sheria ya kuzuia upimaji wa namna hiyo mwaka 1994.

Afrika kusini ya Sahara haikufuata njia hiyo. Huko huzaliwa wavulana wapatao 103 kwa kila wasichana 100, uwiano ulio chini kidogo ya ule wa 105 unaotajwa kwa dunia. Hii haina maana kwamba watu hawakuwa na upendeleo. Upendeleo ulitekelezwa kwa njia nyingine: kuendelea kuzaa hadi apatikane anayetakiwa, au kuongeza mke. Gharama ya kuchagua ilibebwa na kizazi cha mama, mimba baada ya mimba. Pengine pia, katika miji kama Likasi, kukaa pamoja kwa watu wa baba na watu wa mama kulipunguza ukali, kwani palikuwa daima na upande mmoja wa ukoo uliofurahi.

Baba alipoondoka

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na mrithi wake akaja kuitwa Gécamines. Siasa ya posho, shule na hospitali iliendelea, na watu wa makambi wakaizoea kampuni kama baba na mama. Ndipo ukaja uporomokaji. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa shaba ukaanguka katika miaka iliyofuata. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Dibwe dia Mwembu aliwahi kukiita kitabu chake cha mwaka 2001, kilichoandikwa kabla ya pigo hilo la mwisho, kwa jina la watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo ni sahihi kuliko sitiari. Watu walioambiwa wazae, wakazaa, walibaki na watoto ambao kadi zao hazikuleta tena unga.

Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, swali la mbegu lilikuwa limeingia katika siasa kwa ukatili. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, na katika Likasi familia nzima zilikaa kwa miezi kwenye kituo cha reli zikisubiri treni. Wengi wao walizaliwa Likasi, katika wodi ile ile ya kampuni. Lakini asili ilihesabiwa kwa baba. Mtoto wa baba Mkasai na mama wa Katanga aliweza kuitwa mgeni mahali alipozaliwa, hata pale ambapo kwa hesabu ya ukoo wa mama yake alikuwa mwenyeji kamili. Nadharia moja ya mbegu ilishinda, na ushindi wake haukuhitaji hadubini.

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ilijaribu kusuluhisha jambo lililo karibu na hilo kwa kutamka kwamba kila mtoto wa Kongo sharti awe na baba. Asipopatikana baba wa mbegu, huteuliwa baba wa kisheria, aghalabu katika ukoo wa mama. Mjomba, ambaye katika nchi za ukanda wa mama ndiye aliyekuwa na mamlaka tangu zamani, amerudi kwa mlango wa sheria akiwa amevaa jina la baba.

Mbegu yenyewe, kwa maana yake ya kimwili, imekuwa suala jipya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi, wakiongozwa na Célestin Banza, pamoja na wenzao wa Leuven, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Kiasi cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko kilichowahi kuripotiwa popote kwa raia wa kawaida. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi mwingine uliofanywa Lubumbashi, uliolinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na waliozaliwa bila kasoro. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: watoto wa wanaume waliofanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, na idadi ya watoto haikuwa kubwa. Hata hivyo unafungua uwezekano kwamba vumbi la mgodi humfikia mtoto kwa njia ya baba kabla hata mimba haijashika.

Kwa karne nzima madaktari wa makambi walimpima mama: tumbo lake, maziwa yake, siku zake. Mume alipimwa mapafu na misuli, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyohitajika mgodini. Katika Likasi, ambako Shituru na Panda zipo ndani ya mji, na Shinkolobwe, ulikotoka urani wa bomu la Hiroshima la mwaka 1945, hauko mbali, wanaume wengi wanaochimba leo hawana kampuni yoyote wala kadi ya posho. Hujifunga taa kichwani, hushuka na kupanda na magunia, na hurudi nyumbani jioni na nguo zile zile kwa wake zao.